Daftari la Idhini: Historia ya Utafutaji wa Ruhusa katika Mifumo Endeshi

Mjini Ifakara, katika bonde la mto Kilombero, iko kata iitwayo Viwanja Sitini. Jina hilo halisifu mto wala mti, wala halimkumbuki mzee aliyetangulia kujenga, linahesabu. Asemaye "Viwanja Sitini" amekwisha kusema kwamba ardhi imegawanywa kwa mipaka, na ametaja pia, pasipo kulitamka, daftari ambalo ndani yake kila kiwanja huwa na namba yake na mwenyewe.

Jina lenyewe latosha kwa mfano wa kuanzia. Ikiwa watu sitini wana shughuli na viwanja sitini, basi maswali ya namna ya "Je, huyu anaruhusiwa pale?" ni 3,600; na kila swali likigawanyika katika kulima, kujenga na kuuza, maswali hufika 10,800. Karani mwenye saburi aweza kuyaandika yote katika jedwali moja, majina ya watu yakishuka upande wa kushoto na namba za viwanja zikipangwa juu. Akimaliza ataona kwamba visanduku vingi mno ni vitupu, kwa kuwa watu walio wengi hawana shughuli katika viwanja vilivyo vingi. Jedwali la namna hiyo ndilo alilolieleza mtaalamu wa Kimarekani Butler Lampson mwaka 1971, alipotaka kuueleza kwa njia moja ulinzi wa kila aina ya kompyuta. Yeye pia aliona kwamba jedwali zima halifai kuwekwa, maana nafasi kubwa ingepotea bure. Hapana budi likatwe. Likikatwa kwa kushuka, kila kiwanja hubaki na orodha ya watu wake. Likikatwa kwa kwenda, kila mtu hutembea na hati zake mfukoni.

Makala haya yanaeleza jinsi swali hilo lilivyojibiwa ndani ya mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoisimamia kompyuta na kuzigawia programu nyingine kazi na mali. Jibu linalochelewa humfanya mtumiaji amwondoe bawabu mlangoni. Kwa hiyo wepesi si pambo la ulinzi bali ni sharti lake. Lakini kila mara bawabu alipofanywa mwepesi, wepesi huo ulitokana na kulikumbuka jibu la jana, na jibu la jana huenda likawa limekwisha kutanguka. Hilo ndilo fundo la historia hii.

Daftari la bonde

Watu wa bonde la Kilombero wanayajua madaftari ya namna nyingine mbali na ya viwanja. Kuanzia Septemba hadi Desemba 1996, watafiti wa kituo cha afya cha Ifakara, ambacho sasa ni Taasisi ya Afya Ifakara, waliwahesabu wakazi wa vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga. Baada ya hesabu hiyo ya kwanza, kaya zilirudiwa kila baada ya miezi minne ili kuandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Kila kaya ilipewa namba, na kila mtu namba yake ndani ya kaya, ili mtu atafutwe kwa namba badala ya jina; kwa maana majina hufanana na tena hubadilika.

Daftari kama hilo lina mambo mawili yanayopasa kutenganishwa. La kwanza ni kumpata mtu miongoni mwa maelfu. La pili ni kujua nani ana haki ya kuzisoma habari zake, kwa kuwa habari za kifo na ugonjwa si za kila msomaji. Zamani za makaratasi mambo hayo mawili yalikuwa mikononi mwa karani mmoja: yeye alilijua kabati, na yeye alikuwa na ufunguo. Madaftari ya aina hii yalipohamia katika kompyuta, ufunguo uliingia mikononi mwa mfumo endeshi. Naye haulizwi mara mbili tatu kwa siku kama karani. Kila programu inapofungua faili, inaposoma, inapoandika au inapoiita programu nyingine, bawabu huulizwa. Na maswali hayo huwa maelfu mengi katika sekunde moja.

Hodi moja, au hodi kila mara

Desturi ya Waswahili mlangoni yasaidia kulieleza jambo hili. Mgeni hubisha hodi, mwenye nyumba hujibu "Karibu", na tangu hapo mgeni habishi tena kila anyanyukapo kwenda kunywa maji. Jibu moja linamtosha kwa ziara nzima. Hata hivyo wazee hawakuiacha ruhusa hiyo bila mpaka, ndiyo maana wakasema kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe.

Mfumo wa Multics, uliotungwa na chuo cha MIT pamoja na kampuni ya General Electric na maabara ya Bell, na kuelezwa hadharani mwaka 1965, ulifuata desturi iliyo karibu na hiyo. Kila fungu la habari liliwekewa orodha ya watu na haki zao. Programu ilipoligusa fungu kwa mara ya kwanza, mfumo uliipitia orodha, kisha ukaandika matokeo katika kitambulisho kifupi ambacho mashine yenyewe ilikitazama kila mara fungu lilipoguswa tena. Orodha ndefu ilisomwa mara moja. Kitambulisho kifupi kilitazamwa mara elfu. Lakini watungaji hawakuishia hapo. Mwenye fungu alipoibadili orodha yake, mfumo ulivifuta vitambulisho vyote vilivyotokana nayo, na programu iliyoligusa fungu baadaye ilijikwaa na kulazimika kubisha hodi upya.

Mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, ulichagua njia iliyo fupi zaidi. Katika umbo lake lililoenea miaka ya 1970, orodha ndefu iliachwa, na kila faili likapewa alama tisa tu: tatu za mwenyewe, tatu za kundi lake, tatu za watu wengine, kwa ajili ya kusoma, kuandika na kutendesha. Alama tisa hazihitaji utafutaji wowote. Ukaguzi hufanywa faili linapofunguliwa, na baada ya hapo programu hubaki na namba ya faili iliyofunguliwa na kuitumia ipendavyo. Mwenye faili akizibadili alama zake wakati huo, yule aliyekwisha kuingia haondolewi. Hapo siku ya tatu haifiki kamwe; mgeni hukaa mpaka aondoke kwa hiari yake.

Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder walichapisha makala juu ya ulinzi wa habari katika kompyuta, ambayo hata leo ni msingi wa somo hilo. Miongoni mwa kanuni zao iko inayotaka kila ombi likaguliwe pasipo kuachwa hata moja. Wakaongeza tahadhari: mashauri ya kuharakisha kazi kwa kuyakumbuka matokeo ya ukaguzi uliopita yatazamwe kwa shaka, na haki ikibadilika, kila mahali palipokumbuka jibu la zamani pasahihishwe. Kanuni hiyo ilikubaliwa na wengi, lakini gharama yake ilizuia utekelezaji kwa miaka mingi.

Bawabu na kadhi

Hatua iliyofuata ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, wa shirika la usalama la Marekani liitwalo NSA, na wa kampuni ya Secure Computing, uliofikia upeo wake katika mfumo wa Flask, ulioelezwa mwaka 1999. Shauri la Flask ni kutenga kazi mbili. Yuko kadhi, ambaye peke yake anaijua sera, yaani sheria zote za nani aruhusiwe nini. Na wako mabawabu, wakaao milangoni na kuitekeleza hukumu bila ya kuijua sheria. Faida ni kubwa, maana sera yaweza kubadilishwa pasipo kuwabadili mabawabu. Lakini hasara nayo ilionekana mara moja: ikiwa kila mgeni lazima apelekwe kwa kadhi, mji mzima utasimama foleni.

Kwa hiyo kila bawabu alipewa daftari dogo la hukumu zilizokwisha kutolewa. Mgeni akifika, bawabu hutazama daftarini kwanza. Hukumu ikiwamo, humaliza jambo hapo hapo, na isipokuwamo ndipo huenda kwa kadhi, kisha huiandika ili imfae kesho. Daftari hilo dogo, liitwalo hapa kumbukumbu ya idhini, ndilo kiungo kikuu cha historia yote. Mnamo Desemba 2000 NSA ilitangaza hadharani kazi hiyo ikiwa imeingizwa katika mfumo wa Linux, kwa jina la SELinux. Baada ya mazungumzo yaliyoanza mwaka 2001 juu ya namna ya kupokea mifumo mbalimbali ya ulinzi, ikaingia katika Linux 2.6 mnamo Desemba 2003.

Yafaa kuitazama kwa karibu namna daftari hilo linavyotafutwa, kwa sababu msomaji wa kamusi za Kiswahili ameionja taabu yenyewe. Katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, maneno yaliyonyambuliwa huwekwa chini ya shina lake, hata atafutaye "mwandishi" yampasa ajue kwamba aende kwenye "andika". Mwenye kuyajua manyambuliko hufika upesi. Asiyeyajua hupekua kurasa. Taabu si wingi wa maneno, bali ni kupajua mahali pa kuanzia. Kumbukumbu ya idhini haina alfabeti wala mashina. Mahali pa kuanzia hupatikana kwa hesabu.

Katika SELinux kila programu inayotenda na kila faili huwa na lebo ya usalama, na kila lebo hupewa namba. Swali la mlangoni basi ni namba tatu: lebo ya aombaye, lebo ya kiombwacho, na aina ya kiombwacho, kama vile faili au njia ya mtandao. Kwa miaka mingi hesabu ilikuwa hii: namba ya pili huzidishwa kwa 4, ya tatu huzidishwa kwa 16, kisha zote tatu hulinganishwa biti kwa biti, penye kutofautiana pakaandikwa moja na penye kufanana sifuri, katika matokeo huchukuliwa biti tisa za mwisho, nazo hutaja moja ya droo 512. Mwombaji akiwa 5, kiombwacho 9, na aina 6, basi hulinganishwa 5, 36 na 96, na droo itakuwa ya 65. Maswali mawili yakiangukia droo moja, hupangwa kwa mnyororo na kukaguliwa moja moja. Sera yaweza kuwa na kanuni maelfu kwa maelfu, lakini bawabu hufungua droo moja tu na kutazama vijikaratasi vichache.

Ndani ya kijikaratasi hamna neno moja la ndiyo au siyo. Mna safu ya biti 32, kila biti ikiwa ni tendo moja: kusoma, kuandika, kufuta, na kadhalika. Aidha mna namba ya mfululizo inayoonyesha hukumu ilitolewa chini ya toleo gani la sera. Namba hiyo ni ndogo kwa umbo, lakini ndiyo inayotimiza tahadhari ya mwaka 1975. Sera mpya ikipakiwa, namba huongezwa na daftari hufutwa. Na kama bawabu alikuwa njiani akirudi kutoka kwa kadhi na hukumu ya sera ya zamani, namba yake ya nyuma humshtaki, na hukumu hiyo haipokewi daftarini.

Kufuli moja, mabawabu wengi

Wepesi uliopatikana kwa droo nusura upotee kwa sababu nyingine. Kompyuta kubwa za mwanzoni mwa karne hii zilikuwa na vichakataji vingi vinavyofanya kazi kwa pamoja, ilhali daftari la idhini lilikuwa na kufuli moja. Kila kichakataji kilichotaka hata kusoma tu kililazimika kuishika kufuli hiyo na kuwangojesha wenzake. Hivyo mashine iliyoongezewa vichakataji haikuongezeka kasi kwa kadiri iliyotazamiwa. Ulinzi ukawa ndio mlango mwembamba wa nyumba pana.

Mwaka 2004 Kaigai Kohei, wa kampuni ya NEC ya Japani, alitoa shauri la kuondoa kufuli katika usomaji kwa njia iliyokuwa imeingizwa katika Linux mwaka 2002, ambayo Paul McKenney alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Njia hiyo yafanana na ubao wa matangazo. Atakaye kubadili tangazo halifuti watu wakiwa wanasoma. Huandika jipya pembeni, hulibandika mahali pa lile la zamani kwa tendo moja, na la zamani hulitupa baada ya wasomaji waliokuwa wakilisoma kumaliza. Wasomaji hawangoji kamwe. Lakini ni dhahiri kwamba kwa kitambo kidogo mno wako wasomaji wawili, mmoja akisoma la jana na mwingine la leo. Wataalamu walikubali bei hiyo. Kitambo hicho ni kifupi, na namba ya mfululizo huilinda kumbukumbu isirudishiwe hukumu iliyochakaa.

Simu ya mkononi

Njia ya kutoka mashine hizo kubwa hadi mtaa wa Viwanja Sitini si ndefu kama inavyodhaniwa. Mwaka 2007 Yuichi Nakamura, wa kampuni ya Hitachi, alikuwa akiirekebisha SELinux iweze kukaa katika vyombo vidogo vyenye kumbukumbu haba. Miongoni mwa marekebisho yake liko moja linalohusu hodi. Tofauti na Unix ya kwanza, SELinux ilikuwa ikiuliza upya katika kila usomaji wa faili lililokwisha kufunguliwa, na ulizo hilo lilichosha vichakataji vidogo. Nakamura hakuuondoa ukaguzi. Alifanya lebo na namba ya mfululizo zikumbukwe faili linapofunguliwa. Kila usomaji ufuatao hulinganisha tu kama lebo ni zile zile na kama sera ni ile ile. Visipobadilika, mgeni hupita. Kimoja kikibadilika, hubisha hodi upya. Hivyo wepesi wa Unix ulipatikana pamoja na uangalifu wa Multics.

Mwaka 2013 toleo la 4.3 la Android, mfumo endeshi wa simu uliojengwa juu ya Linux, lilitoka likiwa na SELinux katika hali ya kuangalia tu bila kuzuia. Toleo la 4.4, mwaka huo huo, lilianza kuzuia katika sehemu chache, na toleo la 5.0 la mwaka 2014 likazuia katika mfumo mzima. Tangu hapo, mfanyabiashara wa mpunga wa Ifakara afunguapo simu ya Android kupokea fedha hubeba mkononi kadhi, mabawabu na daftari lao. Sera hii isichanganywe na maswali ambayo simu humwuliza mwenyewe, kama vile kuruhusu kamera au mahali alipo. Hayo ni tabaka jingine lililo juu. Sera isemwayo hapa hukaa chini, ndani ya kiini cha mfumo, na mwenye simu haulizwi.

Kutoa, kunyima na kutangua

Katika sarufi ya Kiswahili iko kauli ya kutendua: funga na fungua, tega na tegua, anika na anua. Kauli hiyo haikanushi tendo. Inalikiri, kisha inalirudisha nyuma. Mlango uliofunguliwa si sawa na mlango ambao haukufungwa kamwe. Historia iliyoelezwa hapa yathibitisha jambo hilo hilo katika idhini. Kumnyima mtu idhini ni kazi nyepesi, maana hakuna kilichoandikwa popote. Kumtangulia mtu si kumtangua, na kuitangua idhini iliyokwisha kutolewa ni kazi nzito: hapana budi kuyafuata madaftari yote yaliyoikumbuka, kuanzia vitambulisho vya Multics hadi droo za SELinux. Na hata leo kazi hiyo haijakamilika. Katika Linux, faili ambalo kurasa zake zimekwisha kuunganishwa na kumbukumbu ya programu halinyang'anywi kwa sababu tu sera imebadilika.

Jambo hili lina uzito katika bonde la Kilombero kuliko linavyoonekana. Aliyekubali habari zake ziandikwe katika utafiti ana haki, kwa kanuni za maadili ya utafiti, ya kubadili nia. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini neno la mkazi asemapo "sitaki tena" lapaswa kusafiri kutoka kwenye fomu hadi kwenye sera, na kutoka kwenye sera hadi kwenye kila kumbukumbu iliyoshika jibu lake la kwanza. Likikwama njiani, bawabu ataendelea kuwapitisha watu kwa haraka na kwa uaminifu, kwa idhini isiyokuwapo.

Kwa hiyo yawapasa watungao istilahi za kompyuta katika Kiswahili wasiyaweke maneno matatu katika fungu moja. Kutoa idhini, kunyima idhini na kutangua idhini ni matendo matatu, na katika mashine kila moja lina njia yake. Fomu na skrini zinazotumia neno "kataa" kwa la pili na la tatu humficha msomaji jambo analohitaji kulijua: kwamba atanguaye idhini ana haki ya kuuliza kama imefutwa kila mahali ilipokuwa imekumbukwa.